Nyumba Niliyolipwa Kuitazama

Mteja wangu wa kwanza alinilipa niende nikaitazame nyumba yake, kisha akanikataza kumwambia nilichokiona.

Nilimpata kupitia ukurasa mmoja wa mtandao, niliouunda katika chumba cha kupanga mtaa wa Najma, mjini Doha, Qatar, mwezi ambao ilinibidi niamue kama ningetia sahihi mkataba mwingine wa huko au ningerudi Kenya. Nitaeleza kwa mpangilio jinsi nilivyofika hapo.

Kazi yangu ilikuwa kutazama. Nilikuwa mlinzi katika mnara mmoja wa West Bay, lakini sikusimama mlangoni. Niliketi katika chumba cha chini, mbele ya skrini zilizoonyesha korido, lifti, ngazi na maegesho ya magari. Ukitazama ngazi tupu mwaka baada ya mwaka, jicho hupata tabia yake. Unamtambua mtu kwa mwendo kabla hujauona uso. Ndoo ya msafishaji ikisogezwa unajua, hata kama hukumwona aliyeisogeza.

Jicho hilo ndilo lililonipa wazo la biashara. Saa ya chakula, sisi walinzi Wakenya tulikuwa na desturi ya kuonyeshana picha za nyumba tunazojenga. Karibu kila mtu alikuwa na mjengo nyumbani, na kila mjengo ulikuwa na msimamizi wake: kaka, shemeji, mjomba. Wewe unatuma pesa, yeye anatuma picha. Huu hapa msingi, hii hapa linta juu ya madirisha, haya hapa mabati yameshushwa. Tulizitazama picha hizo kwa heshima ile ile tuliyozipa picha za watoto.

Siku moja mwenzetu alituonyesha nyumba yake ikiwa imefika kwenye linta. Nikaitazama, nikampongeza, nikamrudishia simu. Baada ya siku chache mwenzetu mwingine, wa kaunti ile ile, akatuonyesha ya kwake. Ilikuwa nyumba moja. Ngazi ya miti iliegemea ukuta ule ule, imefungwa kwa kamba ya buluu, na chini yake palikuwa na beseni jekundu lililovunjika ukingo. Wasimamizi wawili walikuwa wamekwenda kupiga picha nyumba ya mtu wa tatu, mmoja akasimama kulia kidogo, mwingine kushoto.

Nilimrudishia simu yake. Humwambii mtu mzima, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni, kwamba kaka yake anamlia pesa.

Lakini nilirudi kwenye skrini zangu nikiwa na fikra mpya. Huku tunalipwa kutazama ngazi za matajiri, na nyumbani hakuna anayezitazama zetu. Je, kama mtu asiye wa ukoo angefunga safari, akafika kwenye ploti, akapiga picha pande zote nne, akapima kuta kwa futi na kuandika alichokiona bila kupamba, watu wangemlipa? Kazi hiyo ningeiweza. Nisichokijua ni kama kulikuwa na mtu anayeihitaji kiasi cha kutoa pesa, na sikutaka kulijua hilo nikiwa nimeshaacha mshahara.

Muda nao ulibana. Kampuni yetu ilikuwa imepata kazi Lusail, ambako majengo mapya yalikuwa yakichomoza mchangani, na mudiri wetu alitaka kujua ni akina nani watakaohamia huko kwa mkataba mpya na nani wa kukatiwa tiketi. Alikuwa meneja mwungwana, ila hakupenda maelezo marefu. Aliniwekea karatasi mezani, akagonga mahali pa sahihi kwa kidole.

"Mwisho wa mwezi," akasema. "Baada ya hapo, khalas."

Niliyempelekea wazo langu ni mwenzangu wa chumba, Mkenya aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya mjini. Yeye aliniita Afande kwa sababu ya sare yangu. Mimi nilimwita Daktari kwa sababu kila aliyekuwa na simu mgonjwa alimletea. Alinisikiliza akiwa anapiga pasi shati, na hakuonyesha kustaajabu.

"Afande, usijenge duka," alisema. "Jenga mlango peke yake, uusimamishe barabarani, halafu uone nani atabisha hodi."

Akanieleza. Ukurasa mmoja tu. Juu, sentensi inayosema shida ya mtu. Chini yake, maneno machache ya kusema utamfanyia nini. Mwisho, kitufe kimoja cha kubonyeza, na mahali pa kuacha namba ya simu. Hakuna ofisi, hakuna pikipiki, hakuna wafanyakazi. Wakibisha hodi wengi, unajenga nyumba nyuma ya mlango. Asipobisha mtu, umepoteza Ijumaa moja.

Tuliuunda Ijumaa hiyo hiyo, laptopu yake ikiwa juu ya jokofu kwa kuwa hatukuwa na meza. Maneno niliyaandika mwenyewe. Juu kabisa niliweka: "Una hakika pesa yako inajenga?" Kando ya swali hilo niliweka picha yangu nikiwa na shati jeupe, na majina yangu mawili. Daktari aliitilia shaka picha. Mimi nikashikilia kwamba mtu huamini anayemwona, na yeye akainua mabega akaendelea kupanga rangi.

Sasa ukurasa ulihitaji wasomaji. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa kanisa, uliokutana Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko huko, alikuwa mama mmoja muuguzi, mwenye moyo mkubwa na sauti inayolingana nao. Nilimwonyesha ukurasa baada ya ibada, nikamwomba autume kwenye kundi letu la simu. Aliutuma palepale, na juu yake akaandika kwamba kijana wetu ameanzisha kitu, tumsimamie.

Kabla chai haijaisha watu walikuwa wameshaanza kubonyeza. Walibonyeza wa ushirika wetu, wakabonyeza Waganda waliotumia ukumbi baada yetu, wakabonyeza madereva Waislamu wa Mombasa ambao sikujua linki iliwafikiaje. Kila simu yangu ilipotetemeka mfukoni, niliiona Lusail ikienda mbali zaidi. Nilirudi Najma nikiwa nimeshachagua, kichwani, aina ya pikipiki.

Asubuhi yake mama mwenyekiti akanipigia.

"Mwanangu, watu wanauliza mchango waupeleke wapi."

"Mchango wa nini, mama?"

"Wa hicho kitu chako. Wengine wameshatoa ahadi."

Nilimshukuru, nikamwambia nitamrudia. Kisha nikaanza kuwapigia simu waliobonyeza, mmoja mmoja, nikiwauliza ploti zao ziko wapi. Dereva mmoja alishangaa. "Ploti gani, ndugu? Mimi hata nyumbani napanga. Nilikuona ni wewe, nikabonyeza." Dada mmoja wa hotelini aliuliza kama mgonjwa anaendelea vizuri. Mwingine alitaka kujua kamati itaketi lini.

Daktari alicheka mpaka akaketi kitandani. "Afande, hukupima biashara," alisema alipopata pumzi. "Umeitisha harambee."

Na kweli, nilipoutazama ukurasa tena kwa jicho la kazini, nilikuwa nimechora kadi ya mchango bila kujua. Uso wa mtu tunayemfahamu, jina lake, neno la uchungu, na mahali pa kujiandikisha. Sisi tumelelewa tusipite mkono ulionyooshwa. Unatoa kwanza, habari ya mgonjwa ni nani utaulizia baadaye. Aliyeuona ukurasa wangu na asibonyeze angejiona mbaya, tena mama mwenyekiti angeweza kumuuliza. Watu hao walinipenda, na hilo sikulidharau. Lakini nilikuwa nimepima upendo, na upendo haungenilipia nauli ya kwenda kupima kuta za watu.

Jambo lililonifundisha zaidi lilitokea mezani. Mmoja wa wale wenzangu wawili wenye nyumba moja naye alikuwa amebonyeza. Saa ya chakula nilimsogelea, nikamuuliza kwa upole kama angependa nyumba yake itazamwe nikifika nyumbani.

"Yangu iko sawa," alisema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Brother yuko site kila siku. Si uliona picha?"

Halafu akawatupia jicho wenzetu waliokuwa upande wa pili wa meza. Ilikuwa ni mara moja tu, haraka, lakini mimi nililipwa kuona mambo kama hayo. Yule dereva asiye na ploti hakuwa na cha kuficha, ndiyo maana alibonyeza akicheka. Huyu aliyenihitaji hakuweza kuninunua, kwa sababu kuninunua ni kukiri kwamba anamshuku mtoto wa mama yake, na kukiri mbele ya mtu atakayeketi naye benchi moja Ijumaa. Picha yangu, niliyodhani inaleta imani, ilikuwa ndiyo inayofunga mlango.

Basi nilianza upya. Nilitoa picha. Nilitoa majina yangu yote mawili. Nilifuta lile swali la pesa, kwa sababu lilikuwa linamnyooshea kidole ndugu wa mtu, na mtu atamtetea ndugu yake hata kama amemlia pesa. Mahali pake niliandika: "Uko mbali. Tutakwenda kuitazama nyumba yako, na tutakueleza wewe peke yako." Mimi nilikuwa peke yangu, lakini "tutakwenda" ilionekana inatuliza.

Daktari naye akabadilisha kitufe. Sasa hakikusema "Niko tayari" bali "Lipia nafasi yako", malipo madogo, ya kurudishwa kama safari haitafanyika. Nilisita, nikisema watu wataogopa.

"Kubonyeza ni bure," alinijibu. "Hata mimi nilibonyeza."

Nilijiwekea sharti, nikamwambia yeye ili nisije nikalibadilisha. Mtu mmoja nisiyemjua, na asiyenijua, akilipa kabla ya mwisho wa mwezi, sitatia sahihi. Asipolipa mtu, nakwenda Lusail na wazo hili silitaji tena.

Kundi la simu sikulitumia tena. Nilikwenda kutazama. Siku za mapumziko nilitembea Najma nikijiuliza anayejenga anaonekanaje akiwa ugenini. Nikampata katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Walikuwa akina dada wanaofanya kazi katika nyumba za watu, wamepewa saa chache za kutoka, wamesimama mbele ya kabati la vioo wakichagua mabomba ya sinki na vitasa vya milango. Walivigeuza mkononi, wakavipima uzito, wakauliza kama vitashika kutu. Kisha wakavipeleka kwenye duka la mizigo lililokuwa mtaa huo huo, wakavifunga ndani ya mashuka na kuvituma nyumbani. Mtu hanunui bomba la sinki kama hana sinki akilini.

Mwenye duka la mizigo aliniruhusu nibandike karatasi ndogo kwenye nguzo iliyo karibu na mizani. Ilikuwa na sentensi yangu mpya, na anwani ya ukurasa. Haikuwa na jina la mtu.

Kisha kukawa kimya. Daktari aliweza kuona, kwenye kompyuta yake, kwamba watu walikuwa wanaufungua ukurasa. "Wanafika mlangoni," alikuwa akiniambia tukila. "Wanasimama. Wanaondoka." Kila jioni nilirekebisha kitu. Nilitoa neno "ripoti" kwa sababu lilinuka ofisi. Niliongeza sentensi kwamba hatutamwambia msimamizi ni nani aliyetutuma. Niliandika kwamba simu tutapiga siku na saa atakayochagua yeye, kwa maana nilijua akina dada wale hawakuwa na mamlaka juu ya saa zao. Mudiri alipita chumba cha skrini akaniuliza kuhusu karatasi. Nilimwambia mwezi bado haujaisha. Akaitazama kalenda ukutani, akakubali.

Wiki ya mwisho, mchana, nikiwa kazini, simu ilitetemeka. Mtu alikuwa amelipa. Nililisoma jina mara kadhaa nikilitafuta katika kila ushirika, kila hoteli, kila basi la kampuni niliyoijua. Halikuwemo. Alikuwa ameandika kwamba nimpigie Ijumaa alasiri, na nisipige siku nyingine.

Nilipiga Ijumaa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, na nyuma yake maji yalikuwa yanatiririka, nadhani aliyafungulia makusudi. Kwanza alinihoji yeye. Aliuliza natoka upande gani wa nchi. Nilipomwambia, akasema ni vizuri, ni mbali na kwao. Nilipotaka kumtajia ushirika wangu ili aniamini, alinikatiza.

"Usiniambie kanisa lako, kaka. Nisije nikalijua."

Alinieleza njia kwa ufasaha wa mtu anayeipita kila siku kichwani: uvuke mto, upande mpaka kwenye shule, uache barabara kwenye mashine ya kusagia mahindi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na baraza. Msimamizi ni kaka yake anayemfuata. Alikuwa amejenga kwa miaka mingi, tangu mwajiri wake wa kwanza, na tangu wakati huo hakuwa amekanyaga nyumbani. Mabomba alishatuma. Vitasa alishatuma.

Nilimwambia kwamba nikitoka huko nitamtumia picha siku hiyo hiyo.

"Hapana," alisema. "Nenda uitazame vizuri, kila chumba. Lakini usinitumie, na usinipigie kuniambia. Nikitaka kujua nitakuuliza mwenyewe."

Nilidhani sikumwelewa. "Sasa, dada, unalipia nini?"

Nilisikia akifungulia maji zaidi.

"Nataka kuwe na mtu mmoja anayejua," alisema, "asiye wa kwetu."

Daktari alipolisikia hilo aliweka kijiko chini. Alisema huyo si mteja, huyo anafanya maungamo, na maungamo hayahesabiwi. Alisema biashara yangu ni kumwambia mtu ukweli, na mtu wa kwanza kubisha hodi hautaki. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Hoja zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Lakini mimi nilikuwa na sharti, na sharti halikusema lazima niielewe sababu ya mtu. Lilisema mtu nisiyemjua alipe, na alikuwa amelipa.

Jumapili niliirudisha karatasi kwa mudiri ikiwa haina sahihi. Aliigeuza upande wa pili, kana kwamba huenda nimesaini mahali pasipo pake.

"Umepata kazi nyumbani?"

"Nimepata mteja."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Alinitazama kama ninavyoitazama skrini inayoonyesha kitu nisichokizoea, kisha akaandika jina langu upande wa tiketi.

Nilirudi Kenya, na safari ya kwanza niliyoifunga ilikuwa hiyo. Nilivuka mto, nikapanda mpaka shuleni, nikaacha barabara kwenye mashine ya kusagia. Nilimkuta kaka yake. Nilijitambulisha kama mtu anayetembelea mijengo ya eneo lile, jambo ambalo lilikuwa kweli, naye akanitembeza. Nilipiga picha pande zote nne, nikapima, nikaandika. Nilichokiona sitakisema hapa. Yeye alilipa ili akijue siku anayotaka mwenyewe, na huenda naye anasoma.

Ukurasa niliuacha mtandaoni kama ulivyokuwa, bila uso. Umeniletea wateja wengine, na wengi wao hutaka picha siku hiyo hiyo. Wapo waliolia kwenye simu, wapo walioniambia nimewaondolea mzigo, na yupo mmoja aliyenitukana kwa kumsema vibaya kaka yake, kisha akanituma tena. Yule mwenzangu wa mezani hajawahi kulipa. Hodi nyingi zimekuja, na nyumba imejengwa nyuma ya mlango, na Daktari kila akinipigia kutoka Doha hunikumbusha kwamba picha aliitilia shaka tangu mwanzo. Ni kweli.

Mteja wangu wa kwanza hulipa kila mwaka. Hasemi kitu, malipo huingia tu, na mimi navuka mto, napanda mpaka shuleni, naitazama nyumba kila chumba, narudi. Picha za miaka yote ziko pamoja, kwa mpangilio, akizitaka leo atazipata leo.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, malipo yaliandamana na ujumbe. Aliuliza kama ile njia ya kutoka mtoni inapitika wakati wa mvua. Nilimjibu kwamba inapitika, kwa miguu, mtu akiwa na viatu vizuri.

Hajaniuliza jambo jingine.